Mtungi Mzima wa Kuonja

Leo pombe imeisha, na sijauza hata kikombe kimoja!

Nimebandika karatasi hii mlangoni ili kijiji kizima cha Murungu kisome.

Asubuhi shemeji yangu kaja na wenzake wanne kuonja. Sawa, ndiyo desturi yetu: pombe ya ndizi ikiiva, majirani huonja kwanza, bure.

Nikaenda kisimani. Kurudi, mtungi mtupu!

Mtaji wangu wote ulikuwa humo. Ndizi nilinunua, mtama nilinunua, hata kuni.

Nikamwambia, "Shemeji, lipeni."

Akajifuta mdomo. "Kuonja hakulipiwi. Halafu bado changa, ungeiacha siku moja."

Changa!

Nyie mnasemaje? Kalamu nimeifunga hapa kwa uzi, andikeni.

Na wewe shemeji, una mbuzi mnono. Jioni nakuja na sufuria, kuonja.