Kidole cha Fundi

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kwa kola hana mpinzani. Chumba chetu cha kazi kilikuwa kimoja: yeye kwenye cherehani, mimi kwenye vifungo na pasi, na bintiye wa miaka mitatu chini ya meza, akichezea vipande vya nguo. Wateja walimwita mtoto huyo Bibi Kimya.

Atakosaje kuwa kimya? Akianza tu kulia, mama yake aliinua kidole. Hakumpiga hata siku moja. Ni kile kidole na yale macho, na mtoto angekaza midomo mpaka shingo imtetemeke.

"Umeiona adabu hiyo, wifi?" alijisifu. "Na mimi nililelewa hivihivi. Nina kasoro gani?"

"Mteja akipaza sauti kidogo, unashikwa na tumbo la kuendesha. Hiyo je?"

Alicheka weee! Mimi, jamani, yule mtoto alikuwa akinitia hofu.

Jumanne moja nilimpelekea mteja suti, nikaacha pasi ya moto mezani, waya unaning'inia. Kosa langu, sikatai. Niliporudi, cherehani inanguruma, pasi iko sakafuni.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si yupo hapo chini?"

Hakuwepo. Tulipekua nyuma ya pazia, kwenye ngazi, mpaka bafuni. Wifi akawa anaita kwa ukali, sauti imempasuka kwa woga.

"Usimwite hivyo! Utamfanya azidi kujificha!"

Aliponyamaza ndipo nikaliona gunia la vipande likitikisika. Tulimkuta ndani, amejikunja, jasho linamtiririka, kiganja cha kulia kimebabuka chote. Mdomoni amejishindilia kitambaa. Mtoto wa miaka mitatu! Ameungua, mama yake yuko hatua mbili tu, na kitu cha kwanza alichofikiria ni kutosikika.

"Lia, mwanangu," wifi alimsihi akiwa amepiga magoti. "Lia, mama hakasiriki."

Mtoto hakulia. Alikuwa anakitazama kidole cha mama yake.

Hapo wifi akaangua kilio, kile cha kuita majirani. Bibi Kimya akashtuka. Kwa mkono wake mzima akachomoa kile kitambaa, kimelowa mate, akaanza kumsukumia mama yake mdomoni.

"Shika, mama," alinong'ona. "Wateja watasikia."