Ule Si Ufa, Mhandisi

Na bado anasema jengo limepasuka. Kilichopasuka ni kichwa chake.

Mnalijua hilo jengo la ufukweni mnapobadilishia nguo. Paa la zege limekunjwa kama feni ya karatasi, nguzo nyembamba kama miguu ya korongo, vigae vya bluu mpaka vyooni. Lina miaka sitini na kitu, la enzi ambazo watu walidhani kesho itakuwa nzuri. Nyinyi mnaliita choo. Shangazi yangu, Mama Funguo, analiita kazini. Miaka thelathini na moja anapokea suruali zenu, anazitundika, anawapa kibati chenye namba. Hajapoteza hata soksi. Kuna meno ya bandia kwenye kikombe pale dirishani, kama ni yako njoo uchukue.

Juzi asubuhi akaja mhandisi wa manispaa. Akaona mwanya ule unaoshuka toka paani mpaka sakafuni, akachora alama nyekundu. Akampa Shangazi kadi yenye jina na cheo chake.

"Mama, hapa pameachana. Jumatatu tunabomoa."

"Mwanangu, huo mwanya waliuacha waliojenga. Zege linavimba jua likiwaka, lisipopata nafasi ndiyo linapasuka. Mimi ndiye ninautoa mchanga kwa kisu."

"Umesomea wapi uhandisi, mama?"

"Hapahapa, nikideki."

Akacheka. Mimi nikaanza kukunja mikono ya shati, Shangazi akanipa ndoo nishike. Ndoo imejaa maji, utapigana vipi.

Kisha Shangazi akachomeka ile kadi kwenye mwanya. Ikaingia, ikatoka, ikaingia tena, laini kabisa. Akaiacha humo.

"Rudi saa nane uichukue."

Saa nane jua linakaanga watu. Mhandisi akavuta kadi. Wapi. Akavuta kwa mikono miwili, ikachanika: jina akabaki nalo, cheo kikabaki ukutani.

"Umeona linavyopumua?" Shangazi akamuuliza, taratibu, kama anamuuliza mgonjwa.

Jamaa akajifuta jasho. Eti karatasi zimeshasainiwa, yeye hawezi kitu. Kukiri amekosea ndiyo hawezi.

Shangazi jana kashinda anapiga deki kama kawaida. Vibati vyote kavipanga kwa namba. Hajalia, na hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Sasa sikilizeni. Tingatinga linakuja Jumatatu saa tatu asubuhi. Kila aliyewahi kuvua suruali mle ndani aje akae mlangoni mpaka saa nane, mwanya ujibane mbele ya wakubwa wa huyo jamaa. Leteni kofia na maji. Ukibaki nyumbani, siku nyingine suruali yako ishike mwenyewe.