Etha Haiyeyushi Sukari

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba kitu kikikauka bila doa, basi ni safi.

Ufundi wa simu nilijifunza peke yangu, kwa video, na nilipofungua kibanda Nyakanazi niliogopa kila kitu. Petroli na thina hushika moto, tena huharibu plastiki. Ndiyo maana, kwa kuoshea bodi za simu, niliagiza Dar es Salaam chupa ndogo ya etha yenye florini. Niliipenda kupita kiasi. Haiwaki, haipitishi umeme. Ni nzito kuliko maji lakini hupenya hata chini ya chipu iliyobana, kisha hupotea hewani. Nikiikagua bodi kwa lenzi na kukuta haina hata chembe ya vumbi, moyo hutulia.

Kisha mama akaja kutoka Ngara na simu ya marehemu baba. Ilikuwa imetumbukia kwenye pombe ya ndizi siku ya kumaliza matanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba yako huyu, hata kaburini hakubali kupitwa na pombe!" Alicheka huku machozi yakimtoka. "Sauti zake zimo humu. Ile ya kunigombeza kuhusu mbuzi ndiyo naitaka. Itapona?"

"Itapona, mama. Dawa ninayo."

Niliosha bodi mbele yake. Ilikauka papo hapo, ikang'aa. Nikaunganisha betri. Kioo kikawaka, mama akapiga kigelegele, halafu tukasikia harufu ya kuungua na kioo kikazima. Hakikuwaka tena.

Baadaye, nilipong'oa chipu, nilikuta utando wa kahawia unaonata. Etha ile huondoa vumbi na mafuta mepesi, lakini haiyeyushi sukari wala chumvi. Pombe ilikuwa imegandia pale chini, nami nikapitisha umeme juu yake. Sauti za baba ziliishia hapo.

Siku ile mama hakunilaumu. Alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani.

"Hebu nigombeze wewe," akasema. "Kama yeye. Ule ugomvi wa mbuzi."

Nilifungua mdomo. Maneno niliyajua yote, ila sauti haikutoka.

"Basi, mwanangu. Acha."

Siku hizi simu iliyoingia pombe au chai naiosha kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, kisha spiriti. Etha huja mwisho, baada ya kukagua chini ya chipu. Na simwahidi mtu yeyote kwamba itapona.