Televisheni ya Kusikiliza

Chumba chetu cha Satwa, huku Uarabuni, kilikuwa na vitanda viwili vya ghorofa, wanawake wanne, dirisha lisilofunguka, na televisheni kubwa kuliko akili ya aliyeinunua. Tuliikuta hapo. Ukuta wa kututenga na jirani ulikuwa wa mbao nyembamba, na jirani mwenyewe alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku, analala mpaka magharibi. Tukipandisha sauti kidogo tu, anagonga, tena kwa hasira ya mtu aliyeibiwa. Mara ya tatu alituitia msimamizi wa jengo. Tukaambiwa khalas, imetosha, mkisikika tena, televisheni inatoka na nyinyi mnaifuata.

Mkenya wetu ndiye aliyepata dawa. Kabla ya kuja kufanya kazi na sisi hotelini Al Rigga alikuwa dereva wa madam mmoja, akipeleka watoto shule, na alipoacha kazi ile aliondoka na kidude chake cha garini, kile cha kufanya nyimbo za simu zisikike kwenye redio ya gari. Akakichomeka nyuma ya televisheni, kikawa kinapata umeme humo humo na sauti humo humo. Akakitega 87.5, chini kabisa ya FM, ambako hapakuwa na kituo cha mtu.

"Haya, kila mtu na redio yake," akasema. "Na msinisumbue tena."

Basi ndivyo tulivyoishi. Kila mtu nyuma ya pazia lake, earphone masikioni, televisheni ikicheza bubu. Ungeingia ghafla ungetuona vichaa, maana tulicheka wote kwa pamoja na chumba kimya. Waganda wawili walikuwa kitanda cha pili, na yule mdogo wao alikuwa mvivu wa kufungua pazia. Kila saa ananiuliza kwa heshima ya kwao, "Nyabo, sasa wanafanya nini?" Nami nimelala chali sioni kitu, namjibu ninavyojua. Namwambia mume kashika mlango, mke kavaa njano. Anaridhika.

Kazi hiyo nilirithi. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli Tanga, na hatukuwa na televisheni. Tulikuwa na redio ya mkulima ambayo mshale wake, ukiusukuma chini mpaka ukagonga mwisho, ulikamata sauti ya kituo cha televisheni. Picha hakuna, sauti tu. Baba akawa anatueleza picha. Msoma habari ni mnene, ana miwani, akikasirika anainua kidole. Tulimwamini. Siku nilipokwenda kwa jirani nikamwona huyo msoma habari kwa macho yangu, alikuwa mwembamba kama ufito na miwani hana! Nilirudi mbio, nikamwita baba mwongo mbele ya wateja wake. Nilikuwa na mdomo tangu mdogo.

Baba hakuacha hata kukaza spoku zake. "Kwani sauti uliisikia?"

"Niliisikia."

"Basi. Hayo mengine nilikuwa nakusindikiza tu."

Mwaka jana baba aliugua. Nilijua amezidiwa kwa sababu nyumbani walianza kunidanganya. Nikipiga simu, naambiwa amelala. Nikipiga kesho yake, amekwenda msikitini. Mtu ambaye mwezi uliotangulia alikuwa anashikwa mkono kwenda chooni, leo amekwenda msikitini! Niliwapigia kelele. Kaka yangu akasema, "Uko mbali, unataka uchanganyikiwe bure?" Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, lakini kwetu maradhi hayafichwi na mgonjwa, yanafichwa na kikao kizima cha familia.

Nilitaka kitu kimoja tu, nimsikie. Simu za picha tulizozoea nyumbani huku zimezuiwa, hazipiti, kwa hiyo kumwona sikutegemea. Sauti ingenitosha, aniite hata kwa kunigombeza. Kazini niliomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Madam wa zamu akasema inshallah, wageni wakipungua. Wageni hawakupungua. Nilikunja mashuka ya watu wanaokuja kustarehe, na kila shuka nalichukia. Wiki tatu zilipita sijaisikia sauti ya baba.

Kwetu pia msiba hapewi mtu peke yake akiwa ugenini. Hutafutwa aliye karibu naye, aambiwe yeye kwanza, amlishe mfiwa, amkalishe kitako, ndipo habari itolewe. Mimi mwenyewe nilimpa kaka namba ya yule Mkenya siku nilipohamia. Nilimpa huku nacheka.

Jioni moja tulikuwa tumerudi kazini mapema. Mkenya alikuwa chini amesimama mbele ya televisheni akichambua mchele kwenye sinia, redio yake hajaishika. Sisi watatu tulikuwa vitandani na earphone zetu, tunasikiliza mchezo wa kuchekesha. Mchana huo Mkenya alikuwa amewasha bluetooth ya simu yake kumtumia mtu picha, akasahau kuizima. Na kile kidude kilikuwa kinaikumbuka simu yake tangu enzi za garini. Simu yake ilipoita, mchezo ukakatika masikioni mwetu.

"Haloo?" akasema Mkenya, simu sikioni. "Haloo? Wee, mbona sikusikii?"

Hakusikia kwa sababu sauti ilikuwa imekwenda 87.5. Tulisikia sisi.

"Dada, mimi nakusikia, nisikilize tu," alisema kaka yangu ndani ya masikio yangu, karibu kabisa. "Mzee ametutoka baada ya alasiri. Tunazika kesho adhuhuri. Tafadhali dada, asijue mpaka ale. Akijua kabla hatakula, namfahamu. Mkae naye."

"Haloo? Aki hii simu!" Mkenya akakata.

Mchezo ukarudi, watu wakacheka humo. Kitanda cha pili hakuna aliyecheka. Nilisikia yule Mganda mkubwa akishuka ngazi taratibu, kisha wananong'ona, kisha mlango. Mkenya akampigia kaka kutokea korido, safari hii bluetooth imezimwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeuma kanga. Hawakujua kama nilikuwa na earphone masikioni au nimelala, na hakuna aliyethubutu kufungua kuangalia.

Ningeweza kupiga ukelele. Koo lilikuwa tayari. Lakini kaka alikuwa ameomba jambo moja, na wale wanawake walikuwa wameanza kulitekeleza. Nilisikia maji yakipimwa kwenye sufuria, kitunguu kinakatwa. Mtu ameshika msiba wako mikononi kwa adabu hivyo, utamnyang'anya vipi?

Mkenya akaja kunigusa mguu. "Amka mrembo, tukule." Sauti yake ilikuwa na uchangamfu wa bandia kabisa, hajui kuigiza.

Wakanipakulia wali na samaki, kipande cha kichwa, ambacho siku nyingine tunagombania. Hawakula. Walinitazama mkono. Nilikula, wallahi nilikula. Kila tonge lilipita kama kitambaa. Yule Mganda mdogo akageukia ukutani akijifanya anatafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake. Nikamaliza sahani, nikalamba vidole, nikasema, "Haya, nimeshiba. Mpigieni kaka."

Mkenya akaachia mwiko. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na ukakula?"

"Si alisema nile?"

Hapo ndipo nikalia, nao wakalia, na jirani akagonga ukuta. Mkenya akatoka kwenda kumwambia maneno ambayo siyaandiki.

Kesho yake madam wa zamu alinipa siku moja. Wageni walikuwa wamejaa vile vile. Waganda na Mkenya wakabadilishana zamu na wenzao ili wabaki nami. Hata ningekuwa Tanga, makaburini nisingefika, wanawake hubaki nyumbani. Lakini kaka aliuliza kama nataka kusikiliza, na nilitaka. Binamu angetia simu mfukoni mwa kanzu. Mkenya akasema haitapigwa kwenye spika jirani asikie, ipigwe kwa simu yake, itapita pale pale 87.5. Basi tukapanda vitandani, tukafunga mapazia, tukavaa earphone.

Nilisikia nyayo nyingi. Wanaume wanaitikia dua. Mtu anasema polepole, polepole, upande wa kichwa. Kanzu inasugua simu. Kisha chepe, na udongo.

"Nyabo," aliuliza yule mdogo kutoka nyuma ya pazia lake, "sasa wanafanya nini?"

Sijawahi kuona mtu anazikwa. "Wamemshusha," nikamwambia. "Kaka alikuwa ndani, amempokea. Watu ni wengi sana, wamefika mpaka barabarani. Wote aliowazibia pancha wapo."

"Jua kali?"

"Hapana. Kuna mti, pana kivuli."

Simu ikakatika. Nilikuwa bado sijasikia mwisho wa dua. Kidude kikarudi kwenye televisheni, mwanamke akaanza kutusifia sabuni ya kufulia. Hakuna aliyeinuka kuzima.

"Wameondoka?" aliuliza.

"Bado," nikasema. "Wamekaa naye kidogo."

Nikaendelea kumweleza mpaka akalala. Kama pale pana mti, mpaka leo sijauliza.