Marahaba ya Nyuma ya Mlango

Mwaka wa tatu huu nahangaikia shule, na nimechoka. Nataka binti yangu asome ile ya kimataifa ya Dar es Salaam, inayofundisha Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu, na dini humo humo, asije akalazimishwa kuchagua kama nilivyolazimishwa mimi: ama shule, ama madrasa. Mara ya kwanza walisema umri bado. Mara ya pili nafasi zimejaa. Safari hii wakakubali kumsaili kwa simu ya video, ila mtoto akae peke yake na mzazi asitie neno.

Sisi ni watu wa duka, Lindi mjini. Nikamkalisha stoo, katikati ya majora ya vitambaa, kwa sababu kelele za barabarani hazifiki huko. Nikamfunga ushungi, nikamwegemezea simu, nikajibanza nyuma ya mlango. Kiingereza anakijua. Qur'ani anaisoma vizuri, mashallah. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Mwalimu akatokea kwenye simu, mama mtu mzima, mgeni wa nchi.

"Shikamoo," binti yangu akasema.

Mwalimu akatabasamu, akamuuliza jina kwa Kiingereza. Mtoto kimya. Akamuuliza anapenda mchezo gani. Kimya. Akajaribu Kiarabu. Kimya, mikono mapajani, macho chini. Mimi nilishaelewa. Maalim wake wa madrasa hana mchezo: ukimwamkia mkubwa, unangoja akuitikie ndipo useme lako. Na sisi nyumbani tulikuwa tukimsifu kwa hilo. Sasa adabu hiyo hiyo inamnyima shule, na yule mama wa watu anaandika, bila shaka, kwamba mtoto hajui kuongea.

Nikavumilia, ikanishinda. "Marahaba!" nikaitikia kule kule nyuma ya mlango.

Binti yangu akafunguka kama bomba la maji. Jina, kuruka kamba, Suratul-Fil mpaka mwisho, hata rangi za vitambaa kwa Kiingereza. Machozi yalinitoka. Mwalimu akamsikiliza, kisha akauliza ni nani aliyempa mtoto jibu. Nikajitokeza, nikaeleza kwa Kiingereza changu cha dukani kwamba lile si jibu, ni salamu tu. Akanisikiliza kwa upole. Akasema utaratibu ni utaratibu. Usaili utarudiwa wiki ijayo, na mwalimu mwingine.

"Mama, nimemkosea nini?"

"Hujamkosea kitu, mwanangu."

Ningeweza kuwaomba watu wa shule kwamba huyo mwalimu mwingine aitikie, neno moja tu. Lakini nilikuwa nimeshawaomba mengi, na niliogopa kuonekana msumbufu. Siku ilipofika nikamwambia leo asimwamkie mtu; aseme halo, aendelee na maswali.

"Hata kama ni mzee?"

"Hata kama ni mzee," nikasema, na sikuweza kumtazama usoni.