Kengele ya Shamba la Mkonge

Juzi gari la matangazo lilipita hapa Soga likitangaza mnada wa matrekta, nami nikasikia tena harufu ya mkonge uliooza.

Nilikuwa mtoto wakati mpiga mbiu alipopita na baragumu, akisema vifaa vya shamba la mkonge la mzungu vitanadiwa. Bibi, aliyepalilia shamba lile miaka mingi, alinishika mkono tukaenda. Dalali alinadi majembe ya kukokotwa na ng'ombe, mizani, na matoroli yanayonuka grisi. Ilipofika zamu ya kengele iliyokuwa ikiwaamsha vibarua alfajiri, Bibi akanyoosha mkono, na kila mtu alipopandisha bei, yeye alipandisha zaidi. Nilidhani anaipenda. Nilijiona tayari nikiipiga, na kijiji kizima kikija mbio kwetu.

Nyumbani aliung'oa ulimi wa kengele, akaigeuza mdomo juu, akaifukia nusu mchangani na kuijaza maji. Kuku wakaja kunywa.

"Bibi, mbona huipigi?"

"Imeshapigwa vya kutosha, mjukuu wangu."

Kisha akaingia ndani kulala, jua likiwa bado juu. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.