Siku Walipompongeza Mama

Mama yangu alikuwa Mnzwani, mtu wa kisiwa cha Nzwani, lakini Tunduma nzima ilimwita Mngazija, jina la watu wa kisiwa kingine. Alishachoka kuwasahihisha. Kwa watu wa kwetu, Komoro ilikuwa kitu kimoja tu, huko mbali baharini, na sisi bahari tuliijua kwa malori yanayotoka bandarini Dar es Salaam. Baba, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Tanga, ndiye aliyemleta.

Mwaka 2008 redio ilitangaza kwamba askari wetu wameshuka Nzwani pamoja na jeshi la Komoro, na kisiwa kilichojitenga kimerudishwa. Haikuchukua hata siku mbili. Dukani kwa baba watu walishangilia utadhani tumefunga bao. Jioni wakaja nyumbani na kreti ya soda.

"Hongera, shemeji," alisema dereva mmoja, rafiki wa baba. "Vijana wetu wamemaliza kazi. Kwenu sasa ni nchi moja."

"Ahsanteni," mama alisema, akawamiminia kahawa.

Wema wao ulinikera, na mpaka leo unanikera. Mdogo wa mwisho wa mama, mjomba wangu, alikuwa askari wa upande ulioshindwa. Aliingia kwa ajili ya mshahara. Mambo ya bendera hayakuwahi kumhusu. Siku ile ile alikuwa amepanda boti kukimbilia kisiwa jirani cha Maore, kwa Wafaransa. Hakuna aliyeiona boti hiyo ikifika, na simu yake haikupatikana tena.

Wiki zikapita. Jirani yetu alikuwa Mnamwanga, nusu ya ndugu zake wako Nakonde, upande wa Zambia, na akifiwa huvuka mpaka kwa miguu kwenda kuzika. Siku moja alikuja na mkeka wake, akavua viatu, akaanza kuutandika sebuleni.

"Nimekuja kukaa na wewe, dada."

Mama alimshika mkono. "Usikae chini. Ukikaa chini, amekufa."

Akanituma nilete kiti. Jirani akakaa kitini kama mtu aliyekuja kuomba chumvi, machozi yakimtoka, na mama akamuuliza habari za shamba.

Miaka mitano baadaye mama alifariki. Nyumba ilipojaa waombolezaji, jirani yule alikaa chini karibu nami, akaninong'oneza, "Sasa tuwalilie wote wawili." Nililia mpaka sauti ikakauka, na zaidi nilimlilia mjomba. Mama angalau tulimzika.